Impreza ya Chini na Barabara ya Garsen

Mwaka 1978 Porsche ilileta Kenya magari mawili ya 911 SC kushindana katika Safari Rally. 911 ni gari la spoti, lililoundwa kukaa karibu na lami. Mafundi wa Stuttgart walilinyanyua mpaka likawa na sentimita 28 kati ya tumbo na ardhi, zaidi ya maradufu ya lile la dukani, kisha wakalifunga bamba chini kukinga injini. Mvua ya mwaka huo haikuwa mchezo. Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa Peugeot 504 Coupé V6, Vic Preston Junior wa Kenya akaja wa pili na Porsche moja, Björn Waldegård akaileta ya pili katika nafasi ya nne. Waliokuwa na pesa na maarifa ya kulifanya gari hilo lolote walitakalo, walipoiona barabara ya Kenya walilipandisha.

Wenye Subaru Impreza wa Malindi na Mombasa huuliza kinyume chake: nishushe kiasi gani, na nivalishe rimu gani? Si swali la kipuuzi. Gari lililoshushwa kwa akili hushika kona vizuri, na upepo haulisumbui sana kwenye mwendo. Ila jibu la mtu asiyetoka nje ya Nyali, mjini Mombasa, si jibu la anayepita Malindi kwenda Garsen, akakata Minjila, akapita Gamba na Witu mpaka Mokowe kupanda mashua ya Lamu. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia.

Tuanze na tuta, kwa kuwa ndilo litakalokukamata kwanza. Impreza WRX ya miaka ya 2000 ikiwa tupu huwa na takriban sentimita 15 chini yake. Chukua tuta la sentimita 10, jembamba, la aina inayomwagwa karibu na vibanda vya kando ya barabara. Magurudumu ya mbele yakishateremka upande wa pili, tuta liko chini ya tumbo la gari, na nafasi iliyobaki ni sentimita 5. Pakia watu wanne, mizigo yao na tangi lililojaa. Gari litakaa chini sentimita 3 hivi, na nyuma hukaa zaidi. Zimebaki 2. Sasa funga springi za kushusha milimita 30. Hesabu imepita sifuri. Springi fupi huwa ngumu zaidi, kwa hiyo mzigo hautalizamisha gari kama kwenye zile za kiwandani, lakini hata ukijirudishia sentimita 1 kwa njia hiyo unalipita tuta ukililamba. Kitakacholamba kwanza mara nyingi ni bomba la egzosi, na kwenye gari la turbo bomba hilo ni nene.

Nafasi ya chini angalau inaonekana kwa macho. Kinachosahaulika ni nafasi ya springi kucheza. Tuseme gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya shokomzoba kugota kwenye raba yake. Ukilishusha gari milimita 30 kwa kubadilisha springi tu, umebakiwa na 50. Nguvu ya shimo haijapungua, mahali pa kuimeza ndipo palipopungua. Kwa hesabu ya kukadiria, ili springi imeze kishindo kilekile ndani ya milimita 50 badala ya 80, ugumu wake lazima uongezeke zaidi ya mara mbili na nusu. Hakuna anayetaka kukaa saa nyingi juu ya springi ya namna hiyo, kwa hiyo watengenezaji huongeza ugumu kidogo tu, na tofauti inayobaki hulipwa na raba. Gari linagota. Fundi anaambiwa shokomzoba ni mbovu, anafunga nyingine za aina ileile, na baada ya muda zinavuja mafuta kama zilizotangulia.

Kuna jambo la tatu, nalo huwashangaza hata watu waliokaa gereji miaka. Impreza za vizazi viwili vya kwanza zina struti mbele na nyuma. Katika mfumo huo, mkono wa chini wa gurudumu unatakiwa uiname kidogo kuelekea nje. Ukishusha gari mpaka mkono ulale sawa na ardhi au uanze kuinuka kuelekea nje, kituo ambacho bodi hulalia kwenye kona hushuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari lililo chini linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa juu, na ugumu wa springi ndio unaoficha kosa hilo. Milimita 15 au 20 bado hazijafika huko. Milimita 40 zimefika, na hapo utahitaji boli jointi ndefu za kurudisha mkono mahali pake, gharama ambayo wengi hawakuipangia.

Rimu zina hesabu yake, na hii haihitaji zaidi ya kalamu. Impreza nyingi zina nati tano kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia 2005 zina 114.3, na rimu za moja haziingii kwenye nyingine. Tundu la kati ni milimita 56.1. Rimu yenye tundu kubwa itahitaji ringi ya kuliziba, la sivyo usukani huenda ukatetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu. Chukua rimu ya inchi 17 kwa 7 yenye ofseti 53, uibadilishe kwa 17 kwa 8 yenye ofseti 45. Ukingo wa nje unatoka takriban milimita 21, wa ndani unaingia karibu 5. Kwa gari lisiloshushwa hilo hukubalika. Kwa gari lililoshushwa na kujazwa watu nyuma, ukingo huo wa nje ndio unaokata tairi kwenye bodi kila linapogota. Sehemu ya delta ya Mto Tana, udongo mweusi wa mfinyanzi hujaza nafasi kati ya tairi na bodi mvua ikinyesha, na milimita chache ulizoziacha kwa hesabu nzuri zinakwisha.

Halafu ukuta wa tairi. Tairi ya 205/55 ya inchi 16 ina ukuta wa milimita 113. 225/45 ya inchi 17 ina 101. 225/40 ya inchi 18 ina 90. Urefu wa gurudumu zima haubadiliki sana, kilichopungua ni raba iliyo kati ya rimu na ncha ya lami iliyomomonyoka. Rimu ya inchi 18 ikipiga shimo pale Idsowe, karibu na Garsen, usitegemee kuvipata vipimo vyake kwenye duka la Garsen linalohudumia Probox na malori. Utalala.

Mto nao una neno lake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena ya Mei 2024, yaliikata barabara ya Lamu sehemu ya Lango la Simba. Maji yakishuka, lami hubaki imeliwa pembeni na kujazwa kokoto za dharura. Mpango wa gari la barabara hii upangwe kwa hali hiyo, usipangwe kwa lami ya siku ya ufunguzi.

Koilova zinazopandishwa na kushushwa kwa ufunguo zinaonekana kama dawa: chini mjini, juu safarini. Tatizo ni kwamba kila urefu ukibadilika, alaimenti imebadilika pia. Ukipandisha bila kuipima upya unakula tairi za bei ghali mpaka Mokowe na kurudi.

Uamuzi wangu kwa gari la safari hii: milimita 15 na si zaidi, shokomzoba mpya zilizotengenezwa kwa springi fupi, rimu za 17 kwa 7.5 zenye ofseti ya karibu 50, tairi za 225/45, na sampu gadi ya chuma. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na ile haikuwa imeshushwa. Ukiwa na pesa za jambo moja tu, nunua shokomzoba, uache springi za kiwandani. Na kabla ya kuagiza chochote, jaza tangi, pakia watu wanne, egesha mahali tambarare, kisha pima kutoka ardhini hadi kwenye bomba la egzosi. Ukisoma chini ya sentimita 12, usishushe.