Sifa za Ngoma Nzito

Fundi viatu mmoja wa mtaa wa Estácio, Rio de Janeiro, alichukua kopo kubwa la siagi, lile la mviringo, akaliwamba kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyoloweshwa maji. Jina lake Alcebíades Barcelos. Wenzake wakimwita Bide. Hivyo ndivyo watu wa samba wanavyosimulia kuzaliwa kwa surdo, ngoma nzito inayoubeba muziki wao mpaka leo.

Haja ilikuwa ya miguu. Samba ya awali ilistawi nyumbani kwa Tia Ciata, mama wa Kibahia, mbele ya watu ambao wazee wao walionja utumwa uliofutwa Brazili mwaka 1888. Ilikuwa tamu, lakini samba ya uani. Vijana wa Estácio, walioanzisha kundi la samba la Deixa Falar mwaka 1928, walitaka ya kutembea nayo barabarani, wa mbele na wa nyuma wakanyage pamoja. Gitaa halifiki mbali hivyo.

Na barabara yenyewe haikuwa salama. Mpiga samba João da Baiana alinyang'anywa tari lake na polisi, mpaka seneta Pinheiro Machado akampa jingine lenye maandishi ya jina la seneta mwenyewe, kama hati ya kusafiria!

Kupiga surdo huonekana kazi ya mvivu: pigo, kimya, pigo. Jaribu. Mkono mmoja unashika kirungu, wa pili unaizima ngozi, maana mlio ukiachwa uvume utameza kila kilicho juu yake. Surdo ya kwanza huita, ya pili huitikia, ya tatu hupenya katikati kwa madaha. Isipokuwa kwa shule ya samba ya Mangueira. Kwa desturi yao ya pili haipo: ngoma huita, kisha pengo. Mwenye sikio huwatambua kwa pengo hilo kabla hajaiona bendera yao ya kijani na waridi, na sijui kitambulisho cha ukoo kilicho kifupi kuliko hicho.

Na mapenzi katika samba? Televisheni hutuonyesha manyoya na viuno vya kanivali. Mimi nawatazama Cartola na mkewe Zica. Cartola, mmoja wa waasisi wa Mangueira, alikuwa ametoweka, amesahauliwa, mpaka Zica alipomrudisha mtaani na kwenye nyimbo. Mwaka 1963 wakafungua mkahawa, Zicartola, katika barabara ya Carioca: mke jikoni, mume na gitaa, na vijana wa mitaa ya kitajiri wakibanana na wazee wa vilimani. Kibiashara ulikuwa balaa, haukudumu. Lakini kijana mmoja karani wa benki aliyekuwa akipiga gitaa pale alipokea ujira wake wa kwanza wa muziki kutoka mkononi mwa Cartola, na Brazili ikampata mwimbaji Paulinho da Viola.