Pongezi kwa Wapima Maji

Wataalamu wa maabara ya maji Mbeya wanastahili pongezi. Mkazi wa Tukuyu, anayenywa maji ya chemchemi za Mlima Rungwe, ana haki ya kuuliza: maji maangavu namna hii yapimwe ya nini? Aseniki, inayosababisha saratani, haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Miamba ya volkano, kama ya Rungwe, yaweza kuiachia majini. Huko Geita, kwenye migodi ya dhahabu, imeshakutwa majini. Ndiyo maana mpimaji hutia matone ya asidi kwenye chupa ya sampuli, madini kama aseniki yasigande kwenye kuta za chupa, kisha hulinganisha kipimo na kikomo cha Shirika la Afya Duniani: miligramu 0.01 kwa lita. Upimaji una gharama, lakini kutibu saratani ni ghali zaidi. Hata jibu la “maji ni salama” ni huduma kamili.