Anwani Moja kwa Mashine Tano

Reli inayopanda kutoka Lubumbashi hugawanyika Kamina. Tawi moja huelekea Kananga na Ilebo, jingine Kabalo na Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015, mji huu ndio makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, na makao makuu hayakosi ofisi: mishahara ya kuhesabiwa, wanafunzi wa kuandikishwa, mafaili ya wagonjwa. Siku hizi kazi zote hizo zinaweza kukaa ndani ya kompyuta moja yenye nguvu, iliyogawanywa kuwa mashine pepe tano, kila moja ikijiona kompyuta kamili. Mlango wa kutokea kwenda intaneti, hata hivyo, ni mmoja. Pengine ni modemu, pengine ni simu ya mkononi iliyonunuliwa megas za mwezi.

Kuzipitisha mashine tano katika mlango huo mmoja bila kugongana ni ufundi, na anayeufanya vizuri hastahili kubaki bila sifa.

Ufundi wenyewe huitwa NAT. Mnamo Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis waliueleza katika waraka wa RFC 1631, wakiuita suluhisho la muda mfupi. Anwani za IPv4 hazifiki bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zilikwisha kuonekana kuwa haba. Muda huo mfupi umepita miaka 30. AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani barani Afrika, limekuwa likigawa akiba ya mwisho kwa kipimo tangu tarehe 13 Januari 2020: kila mgao hauzidi anwani 1,024. Ofisi ndogo ya Kamina haiwezi kungoja anwani ya umma kwa kila mashine pepe. Inamhitaji fundi.

Mtazame akiwa kazini. Kwenye Linux hufungua madirisha mawili na kuendesha tcpdump, programu inayoonyesha paketi (vipande vya data) zinazopita, katika yote mawili. La kwanza linasikiliza virbr0, daraja ambalo mashine pepe zimeunganishwa nalo. La pili linasikiliza kadi ya nje. Mashine ya mishahara inaomba ukurasa. Katika dirisha la kwanza paketi inaonekana imetoka 192.168.122.10, poti 51514. Kufumba na kufumbua, paketi ile ile inapita katika dirisha la pili, lakini sasa mtumaji ni 192.168.43.57, anwani ambayo kompyuta mwenyeji imepewa na simu. Kerneli imefuta anwani ya ndani, imeandika ya nje, imekokotoa upya tarakimu za ukaguzi, kisha imeweka kumbukumbu, kama karani wa stesheni anavyoandika mzigo wa nani umepanda behewa gani. Jibu likirudi, kumbukumbu hiyo ndiyo inayolifikisha kwenye mashine ya mishahara na si kwa jirani yake.

Safari haijaisha. Simu nayo hubadilisha anwani, na mara nyingi kampuni ya simu huibadilisha tena kabla paketi haijatoka nje ya mtandao wake. Paketi imebadilishwa sura hadi mara tatu kabla ya kufika. Kwenda nje ni rahisi. Kuingia kutoka nje ndiko kugumu, kwa sababu kampuni haina kumbukumbu yoyote ya mgeni anayebisha hodi bila kualikwa. Fundi mzuri hapotezi siku akihangaika kufungua poti kwenye simu. Hujenga njia ya WireGuard inayoanzia Kamina kwenda kwenye seva yenye anwani ya umma, tuseme Lubumbashi, na kuiamuru itume ishara kila sekunde 25. Namba hiyo ina sababu: kumbukumbu ya UDP, itifaki inayobeba WireGuard, isiyopata jibu hufutwa na Linux baada ya sekunde 30, na vifaa vingine vya njiani navyo havina subira. Kwa ishara hiyo njia hubaki wazi, na mwenzake aliye Lubumbashi anaweza kuikagua seva ya Kamina bila kupanda treni.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika nidhamu. Kila mashine pepe hupewa anwani ya kudumu kulingana na namba ya kadi yake ya mtandao, ile inayoanza na 52:54:00 kwenye KVM. Fundi asipofanya hivyo, siku moja DHCP, huduma inayogawa anwani, itaibadilisha, na sheria iliyokuwa ikipeleka poti 8080 kwenye mashine ya wanafunzi itaelekeza pasipo na mtu. Sheria za iptables zilizoandikwa kwa mkono zisipohifadhiwa hupotea umeme ukikatika. Docker ikiwekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo huweka sera ya kukataa paketi zinazopita, na mashine zilizokuwa zikifika nje jana zinaweza kunyamaza leo. Fundi anayejua haya huchagua mapema anwani zisizogongana na za simu wala za ruta, hufungua poti zinazohitajika tu, na huandika kwa nini alifungua kila moja.

Ufundi huu unafundishika. Semina za AfNOG, zilizowahi kufanyika Kampala, Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, zimewakutanisha mafundi wa bara zima, na NSRC, kituo cha Chuo Kikuu cha Oregon, hufundishia kwa seva inayobeba ruta na kompyuta pepe za darasa zima. Kamina ina chuo kikuu chake. Kompyuta moja ya wastani na VirtualBox, isiyo na gharama, inatosha kuanzia. IPv6, yenye anwani tele, itakapoenea mzigo wa NAT utapungua, na ni vema upungue. Kwa sasa mishahara inasubiri kulipwa.

Kwa hiyo, mkuu wa ofisi mwenye fundi wa namna hii, mpe saa chache za kuandika anwani zote na sheria zote kwenye karatasi. Ichape, uitunze pamoja na mikataba ya ofisi, na umlipe kama unavyomlipa fundi wa jenereta.