Raila hakupaswa kuukwepa mdahalo wa 2022

Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 2025, amesifiwa kwa mengi, na mengi ni ya kweli. Lakini kipaji chake kikubwa kilikuwa kupanga kampeni, na heshima ya fundi haidumishwi kwa kufunika kasoro ya kazi yake. Kasoro hiyo ina tarehe: Jumapili, Julai 24, 2022, Azimio ilipotangaza kwamba mgombea wake hatafika kwenye mdahalo wa urais. Ulikuwa uamuzi mbovu siku ile, na miaka iliyopita haijautengeneza.

Hesabu ya kikosi chake tunaijua. Zilibaki siku 16 kabla ya kura ya Agosti 9. Kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele, na Rais Uhuru Kenyatta alikuwa upande wake. Wapanga mikakati wana kanuni ya zamani: anayeongoza asimpe mpinzani jukwaa. Profesa Makau Mutua, msemaji wa kampeni, akaongezea sababu ya maadili katika taarifa yake: William Ruto hataki kuulizwa kuhusu ufisadi na uadilifu, kwa hiyo hastahili kusimama na Raila. Badala ya mdahalo, Raila angezungumza na wananchi Eastlands.

Hesabu hiyo ilikosewa tangu mstari wa kwanza. Kanuni ya kukaa nyumbani ni ya aliye Ikulu. Uhuru aliitumia 2017, na aliyeachwa jukwaani peke yake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Karen, alikuwa Raila mwenyewe. Ilikuwa Julai 24, miaka mitano kamili kabla ya taarifa ya Azimio. Rais anayetetea kiti anaweza kusema kazi yake inaonekana. Raila alikuwa anaomba kura kwa mara ya tano na hakuwa na serikali ya kujivunia. Kwa kutofika, alijivika joho la serikali ya mwingine, na kwa wakati mbaya kuliko wote: UDA, chama cha Ruto, ilikuwa imejenga kampeni yake nzima juu ya madai kwamba yeye ni "mradi" wa Ikulu, huku bei ya unga ikiwa imewakera watu kiasi kwamba siku nne tu kabla, serikali ililazimika kuishusha hadi Sh100 kwa pakiti ya kilo mbili. Hasira yote ya unga ikapata pa kutua.

Sababu ya maadili ilikuwa dhaifu zaidi. Ukidai mpinzani wako anaogopa maswali, mahali pa kuthibitisha ni mbele yake. Jumanne ya mdahalo, Ruto alifika. Maswali ya uadilifu yaliulizwa, akayajibu atakavyo, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumkatiza na kumwambia, "Hilo si kweli." Waendesha mdahalo huuliza, anayebana ni mshindani. Azimio ilimwondolea Ruto mbanaji wake, kisha ikataka wananchi waamini kwamba aliyeogopa ni yeye.

Na walisahau wanamshauri nani. Katika mdahalo wa kwanza wa 2013, Raila ndiye aliyesema itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Sentensi moja, na kesi nzima ya Uhuru kule ICC ikaeleweka hadi kijijini. Mtu wa vitendawili na majibu ya papo hapo hafichwi nyuma ya taarifa ya profesa.

Kumteua Martha Karua kuwa mgombea mwenza kulikuwa sahihi, na Julai 19, katika mdahalo wa wagombea wenza, alimkabili Rigathi Gachagua wa upande wa Ruto barabara. Wiki iliyofuata mgombea mwenza akabaki ndiye pekee wa Azimio aliyethubutu.

Nimelisema hili kwa miaka na sitachoka: kampeni zetu zimetekwa na watu wa taarifa kwa wanahabari na watu wa kura za maoni. Azimio ilikuwa na baraza, bodi ya kampeni, sekretarieti na msemaji. Kura ya maoni ikisema uko mbele, kikosi cha namna hiyo hugeuka walinzi wa ushindi ambao bado haujapatikana.

Linganisha na Raila wa 2002. Rais Moi alipomteua Uhuru kuwa mrithi wake, Raila aliihama KANU, na Oktoba 14 pale Uhuru Park akatamka "Kibaki Tosha". Walikuwapo wenzake waliotamani tiketi ya urais ya upinzani. Maneno mawili yakawafungia mlango hadharani. Kibaki alipoumia kwenye ajali ya gari Desemba 3, Raila na wenzake waliibeba kampeni, na Desemba 27 Kibaki akapata asilimia 62. Mwaka 2005, katika kura ya maamuzi kuhusu katiba, aliongoza upande wa Chungwa, na Hapana ikashinda kwa asilimia 58. Mara zote mbili alitangulia mbele ya watu huku wapinzani wakihangaika kumfuata. Raila yule hangeruhusu taarifa ile itoke.

Sasa tazama matokeo. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Ruto alivuka nusu ya kura halali kwa kura zisizofika 70,000, yaani chini ya 1,500 kwa kila kaunti kati ya 47. Mdahalo haukuhitaji kumpa Raila ushindi. Ulihitaji kuwahamisha wachache kiasi hicho tu, na tungeingia duru ya pili. Mbinu ya anayeongoza ilitumiwa na mtu aliyekuwa anahitaji kura zaidi.

Wanaopanga kampeni za 2027 wasiniletee tena kanuni ya kukaa nyumbani. Kama mgombea wako hayuko Ikulu, mpeleke kwenye mdahalo, hata kama kura zote za maoni zinamweka mbele.