Padri wa Sophiatown na imani ya siku ya Jumatatu

Wengi wetu tunaoishi hapa Johannesburg tunaijua Kanuni ya Imani kwa moyo, tena kwa Kiswahili. Tuliikariri tangu kipaimara, na Jumapili tunaisema bila kukosea neno. Kukubali kwamba Mungu yupo si kazi ngumu. Kazi huanza Jumatatu. Ndiyo maana nimerudi kukisoma kitabu cha padri Mwingereza Trevor Huddleston, Naught for Your Comfort, kilichotoka mwaka 1956.

Huddleston, mtawa wa Kianglikana, alifika Sophiatown mwaka 1943. Mafundisho alikuja nayo kutoka kwao: kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na kwamba Mungu mwenyewe alifanyika mtu. Uzuri wa kitabu ni kwamba mafundisho hayo hayakai darasani. Tarehe 9 Februari 1955, polisi wapatao 2,000 waliingia mtaani kuwahamisha watu kwenda Meadowlands. Hapo hoja ya padri inakuwa nyepesi kueleweka: kama huyu anayepakiwa kwenye lori na virago vyake ni mfano wa Mungu, basi kunyamaza ni kuikana Kanuni ya Imani.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Kwanza, watu wa Sophiatown tunawaona kwa macho ya padri tu. Wanacheka, wanateseka, lakini ni mara chache wanaachiwa waseme wanachofikiri. Pili, kuna habari ya shule ya St Peter's, Rosettenville. Watawa waliamua kuifunga kuliko kuikabidhi kwa serikali chini ya Sheria ya Elimu ya Bantu ya 1953. Mwandishi anautetea uamuzi huo kwa dhamiri safi. Mimi nauliza: gharama ya dhamiri hiyo ililipwa na nani? Padri alibaki padri. Mtoto ndiye aliyepoteza darasa. Hapo angetulia kidogo zaidi.

Jibu la kasoro ya kwanza naliona nje ya kitabu. Wakuu wa shirika lake walimwita arudi Uingereza, akatii ingawa moyo wake ulikuwa Sophiatown. Mwaka 1960 akawa askofu wa Masasi, kwetu kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1968 akaondoka, na kiti kikachukuliwa na Mtanzania, Hilary Chisonga. Aliyezoea kuwasemea wengine aliwapisha waseme wenyewe. Hiyo nayo ni imani ya vitendo, pengine ngumu kuliko kuwakabili polisi.

Huddleston alifariki mwaka 1998, na majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa la Christ the King, Sophiatown. Si mbali kutoka katikati ya jiji.

Tuliokuwapo hapa Mei 2008, wageni walipofukuzwa Alexandra na kwingineko, tunakumbuka tulivyotafuta mlango wa kujificha. Wapo waliotufungulia, wala hatukuwauliza wanaamini nini. Leo wapo wanaogonga kwetu: ndugu waliofika juzijuzi, hawana karatasi wala pa kulala. Kitabu hiki hakitatufundisha jambo jipya kuhusu Mungu. Kinatuuliza tu kama tumeusikia mlango. Kisomeni, hasa sisi tunaosema Kanuni bila kukosea neno.