Wosia Haumlazi Mtoto

Mwanangu alikuwa na siku tisa nilipombeba kwa mara ya pili. Mke wangu alikuwa amekwenda kujifungulia kwao Pangani, kama wanavyofanya wanawake wengi wa pwani yetu kwa mimba ya kwanza, na angekaa huko mpaka arobaini. Mimi nilibaki Tanga mjini na tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu tenzi za wosia. Kila mwisho wa wiki nilipanda basi la Pangani, nikafika ukweni, nikatoa shikamoo, nikapewa kiti barazani. Chumba cha mzazi kilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Huko walikuwako mama mkwe, shangazi ya mke wangu, maji ya moto ya kumkanda mzazi, na uji wa pilipili manga. Mtoto aliletwa kwangu nje akiwa amezungushiwa kanga.

"Mwanangu, mshike shingo," mama mkwe aliniambia.

"Nimemshika, mama."

"Hujamshika. Unamwogopa."

Alisema kweli. Nilimtazama yule mtoto nikitafuta cha kumwambia, nikakosa. Siku aliyozaliwa nilimsomea adhana katika sikio la kulia na ikama katika sikio la kushoto. Maneno hayo niliyajua tangu udogo wangu, na nilipoyasema nilijiona baba kamili. Yalipokwisha sikuwa na mengine. Baada ya dakika chache mtoto alilia, shangazi akanyoosha mikono, nami nikamtoa haraka kuliko nilivyotaka ionekane.

Nilirudi mjini kwenye meza yangu, na hapo nikaona jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila siku katika kusoma kwangu. Fasihi yetu ya pwani imempa baba maneno mengi sana, lakini yote yanamhitaji mtoto anayeweza kusikiliza. Kwa mtoto asiyeelewa bado lolote, baba hana utanzu.

Mwandishi ninayemwandikia tasnifu ni jirani yetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga, mwaka 1909, na alifia Tanga mwaka 1962. Katika Maisha Yangu anasimulia ndoa yake na Amina, kifo cha Amina, na mzigo wa kubaki na watoto. Ndani ya kitabu hicho zimo tenzi mbili alizowaandikia wanawe: Utenzi wa Hati kwa binti, na Utenzi wa Adili kwa mwana wa kiume. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua. Tunafundishwa kuorodhesha dhamira zake: kumcha Mungu, kuwatii wazazi, adabu, usafi, ndoa. Wahakiki wa siku hizi wanaongeza swali la haki, kwamba Hati inamwandaa msichana awe mke mtiifu kuliko inavyomwandaa awe mtu. Nakubaliana nao. Lakini katika mabishano hayo yote tunamsoma mtoto anayeambiwa, na hatumsomi baba anayesema. Yuko wapi anaposema? Amekaa umbali gani na mwanawe?

Jibu limo katika asili ya utanzu wenyewe. Hati ina mama yake, nao ni utenzi aliotunga Mwana Kupona wa Pate mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa. Anamwita binti asogee, alete wino na karatasi, kisha anamwachia maneno ya kumfaa mama atakapokuwa hayupo. Huo ndio wosia: maneno ya mtu anayejiandaa kuondoka. Shaaban Robert, mjane mwenye watoto wasio na mama, aliuchukua utanzu uliotukuzwa na mama akausemea kwa sauti ya baba. Hilo ni jambo kubwa, na nadhani hatujalipa uzito wake. Mwanamume wa miaka ile, karani wa serikali, anakaa chini kufanya kazi ambayo fasihi ilikuwa imempa mwanamke. Anajaribu kuwa wazazi wawili.

Hata hivyo mama wa pwani ana tanzu mbili. Ana wosia, na kabla ya wosia ana bembelezi, yaani zile nyimbo za kumlaza mtoto. Shaaban Robert aliazima ule wa pili kwa umri, akauacha ule wa kwanza. Katika tenzi hizi mbili mtoto anaingia akiwa ameshajua kusikia, kuelewa na kutii. Miezi ambayo mtoto ni uzito tu mkononi, joto na kilio, haimo.

Mtu anaweza kusema kwamba ninaudai utenzi kitu ambacho si kazi yake. Basi tutazame nathari. Kufikirika, kilichotoka baada ya kifo cha mwandishi, kinaanza na mfalme asiye na mtoto. Sijui katika Kiswahili ukurasa unaoeleza hamu ya mwanamume kupata mwana kwa uchungu zaidi ya ule. Mfalme ana kila kitu, na kila kitu hakina maana. Anaita waganga wa mizizi, wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo, wa mashetani, na mwisho watabiri. Hatimaye malkia anazaa. Nilitarajia nimwone mfalme akiwa na mwanawe kifuani. Badala yake kitabu kinakwenda mbio hadi kwenye elimu: mwalimu gani amfundishe mwana wa mfalme, amfundishe nini, saa ngapi. Hamu imepewa kurasa nyingi na mafunzo yamepewa kurasa nyingi. Kati ya hamu na mafunzo, pale ambapo mtoto ana siku tisa, pana upenyo mwembamba ambao msomaji anauruka bila kujua.

Sasa nigeukie bembelezi zenyewe. Zile nilizozisikia nikikua, kwa mama, kwa bibi na kwa majirani, zina baba ndani yake. Lakini yumo kama mtu anayezungumziwa. Amekwenda mahali, atarudi, ataleta kitu. Mtoto anatulizwa kwa kuahidiwa baba. Ukiziweka tanzu hizi mbili pamoja unapata picha kamili: katika bembelezi baba yuko safarini, na katika wosia amerudi na maneno yake, mtoto akiwa mkubwa. Siku ya kurudi yenyewe, siku ya kumpokea mtoto mchanga na kukaa naye, haikuimbwa.

Fasihi haikuzua hali hii. Shaaban Robert aliingia kazi ya forodha mwaka 1926, akahamishwa kituo hadi kituo, Pangani ikiwa kimojawapo, na maisha ya karani wa serikali ya kikoloni yalikuwa maisha ya barua za uhamisho. Wavuvi wa pwani hii huenda dago, wakahamia kambi za mbali kufuata samaki kwa wiki au miezi, na mimba haiwazuii. Walioajiriwa leo wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akizaa pacha. Baba anapewa siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku ya saba ndiyo siku ya akika. Sheria haikukusudia hivyo, lakini ratiba zimelingana: baba anahitajika kwa adhana, kwa jina na kwa mbuzi, kisha aende kazini.

Lugha nayo imeshatoa hukumu. Katika siku zile arobaini, ukiulizwa Pangani au Tanga "mzazi hajambo?", unayeulizwa habari zake ni mama peke yake. Neno ambalo shuleni linatuhusu wawili, nyumbani penye mtoto mchanga linamhusu mmoja. Mimi nilikuwa mgeni wa mzazi.

Sitaki kusomwa vibaya. Arobaini inamlinda mwanamke aliyechoka, na ile mikono ya mama mkwe na shangazi ilifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Yako malalamiko ya wanaume ambayo yakikunwa kidogo yanakuwa madai ya kusifiwa kwa kazi ya wengine. Silalamikii pazia. Ninalolisema ni kwamba hata pale pazia linapofunuliwa na mtoto akawekwa mkononi mwa baba, baba hajui aanzie wapi, na vitabu alivyovisoma vinamwambia asubiri. Asubiri mtoto akue, apate masikio, ndipo amwambie. Upendo wa baba katika fasihi yetu umekuwa maandalizi ya kutokuwapo kwake. Tumeusifu kwa hekima yake, na ni kweli una hekima. Lakini mtoto anamjua mtu kwa kukaa naye kabla ya kumjua kwa maneno yake, na baba anayengoja zamu ya maneno anafika kwa mtoto ambaye tayari ana watu wake.

Mwanangu alipokuwa na wiki tatu nililala ukweni, barazani. Usiku mtoto alilia sana. Mke wangu alikuwa hajalala tangu usiku wa jana yake, shangazi amerudi kwake, na mama mkwe akanitolea mtoto nje bila kusema neno. Nilijaribu bembelezi mbili nilizozikumbuka. Kila nilipofika pahali pa baba aliyekwenda mbali nilikwama, maana baba alikuwa hapo amekaa kwenye mkeka. Basi nikafanya kitu cha kijinga. Nikaanza kughani Utenzi wa Hati, ambao kwa ajili ya tasnifu nimeuhifadhi karibu wote.

Mtoto wa wiki tatu alipewa mawaidha ya ibada, ya adabu mbele za watu na ya kumpokea mume. Kama wosia, haukumfaa kitu. Lakini utenzi una mizani nane kila mstari, mistari mitatu ya vina vinavyofanana, na wa nne unaorudi pale pale ubeti hata ubeti. Mwili wangu ulianza kwenda nao, huku na huku. Nilikuwa nimezihesabu mizani hizo kwenye karatasi mara nyingi kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kuzisikia zikifanya kazi. Kilio kilishuka, kikawa kwikwi, kikakoma.

"Baba, unamsomea nini?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Wosia, mama."

Alinyamaza kidogo. "Haya. Usiache, bado hajalala sawasawa."

Sidai kwamba usiku ule ulimaliza jambo. Wiki iliyofuata alilia tena mikononi mwangu, na utenzi haukusaidia, nikamrudisha ndani. Katika tasnifu nimeongeza sura fupi juu ya mizani na kughani, na msimamizi wangu ameniuliza pembeni kama hili linahusu dhamira. Nimemjibu kwamba Shaaban Robert alimpa binti yake maneno, lakini ndani ya maneno hayo kulikuwa na mwendo ambao hauhitaji mtoto aelewe. Sisi wahakiki tumeyabeba maneno tukauacha mwendo. Atakayetunga bembelezi ya baba kwa Kiswahili, baba aliyepo, aliyekaa mkekani, anaweza kuanzia hapo.

Arobaini imepita na mke wangu amerudi nyumbani. Shingo sasa naishika.