Kusafiri na Timu: Ufundi wa Shabiki wa Ugenini Songwe

Shabiki wa ugenini ni yule anayeifuata timu yake hadi uwanja wa wapinzani, kwa gharama zake, akijua kuwa huko atakuwa miongoni mwa wachache. Kwa Simba na Yanga uchache huo hauonekani. Klabu hizo mbili zina wapenzi nchi nzima, na zikienda Mbeya au Songea hukuta jukwaa limejaa watu wao, wengi wakiwa wamekuja kwa miguu kutoka majumbani. Ni kwenye madaraja ya chini ndipo ugenini huwa ugenini kweli. Timu ya Vwawa au Tunduma ikicheza Morogoro haina tawi huko. Sauti yoyote inayosikika upande wake imetoka Songwe, imekula njiani, pengine imelala njiani, na inatakiwa kazini mara tu itakaporudi.

Waliozoea kutazama mpira kwenye runinga huiona safari hiyo kuwa mapenzi tu, au wazimu. Mapenzi yapo, lakini hayatoshi. Kinachowafikisha watu 25 uwanjani mbali na kwao na kuwarudisha salama, wakiwa bado na sauti ya kuimba na akili ya kusimulia walichokiona, ni ufundi, nao unastahili kuelezwa kama ufundi mwingine wowote. Una zana zake, una taratibu zake, una mafundi na una waharibifu.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yakawa Vwawa, wilayani Mbozi. Kabla ya hapo mashabiki wa Mbozi, Ileje na Momba walihesabiwa watu wa Mbeya, na shule yao ya ugenini ilikuwa ya Mbeya. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ikaacha Nyanda za Juu Kusini imani ambayo haijafutika hadi leo, kwamba timu ya mji mdogo inaweza kwenda kushinda popote. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Mashabiki wake waliovaa zambarau walisafiri nayo, na wengi wa kusini magharibi waliona kwa mara ya kwanza kuwa wageni nao wanaweza kuimba mpaka wenyeji wakageuka kutazama.

Mfano wa karibu zaidi kwa Songwe ni Kimondo FC ya Mbozi, iliyobeba jina la kile kimondo cha Ndolezi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Msimu wa 2015/16 Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa na timu 24 zilizogawanywa katika makundi matatu, na Kimondo ilikuwa Kundi B pamoja na Njombe Mji, JKT Mlale ya Songea, Kurugenzi ya Mafinga, Lipuli ya Iringa, Polisi Morogoro, Burkina Faso ya Morogoro hiyohiyo, na Ruvu Shooting ya Mlandizi mkoani Pwani, ambayo ndiyo iliyoongoza kundi na kupanda. Ukizitazama timu hizo kwenye ramani utaona karibu zote zimekaa kando ya barabara kuu ya TANZAM. Kwa Njombe na Songea gari hukata kulia Makambako. Kwingine kote ni kunyoosha. Kwa shabiki wa Vwawa ligi nzima ilikuwa barabara moja, na safari zake saba za ugenini zilitofautiana kwa mahali pa kushukia tu.

Kutoka Vwawa hadi Mlandizi ni zaidi ya kilomita 800. Huko Uskochi, ambako mashabiki wa madaraja ya chini wanasifika kwa uvumilivu, safari inayotajwa sana ni kama ile ya Elgin City kwenda Stranraer, kutoka kaskazini mpaka pembe ya kusini magharibi, kilomita 400 na kitu, na mtu hurudi nyumbani usiku uleule. Shabiki wa Mbozi akisafiri kilomita 400 yuko mkoani Iringa tu. Reli ya TAZARA inapita Tunduma, Vwawa na Mlowo, na mgeni angedhani ndiyo jibu. Lakini ikishapita Makambako reli hushuka Mlimba na Ifakara, ikiziacha Iringa na Morogoro mbali, na siku zake za treni ya abiria ni chache na hazifuati ratiba ya ligi. Kwa hiyo ni barabara.

Tangu msimu wa 2021/22 daraja hilo huitwa Championship, na makundi yaliondolewa: timu 16 zikawekwa katika jedwali moja. Mabadiliko hayo yalipunguza malalamiko ya makundi mepesi na mazito, na kwa upande wa mpira yalikuwa ya haki. Kwa shabiki yalizidisha mzigo maradufu. Songwe United ilipocheza ligi hiyo msimu wa 2024/25, ratiba ilikuwa na mechi 15 za ugenini badala ya saba, na wapinzani walitoka Tanga, Arusha, Shinyanga, Geita hata Musoma, zaidi ya kilomita 1,000. Hapo shabiki hulazimika kuchagua, na kuchagua ni sehemu ya ufundi. Mechi ya Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Vwawa, haikosi watu. Ya Musoma huachiwa wawili watatu wenye ndugu Kanda ya Ziwa. Akili iko katika kutambua mechi ya kati, ile ambayo timu itaihitaji sauti na mfuko bado unaiweza.

Kazi huanza wiki moja au mbili kabla, kwenye daftari. Mweka hazina huchora mistari ya safu kama za michango ya harusi: jina, ahadi, taslimu. Safu ya ahadi hujaa haraka sana, hasa timu ikiwa imeshinda Jumamosi iliyopita. Ya taslimu hujaa polepole, kwa simu, elfu tano hapa, elfu mbili pale, nyingine kutoka kwa mkulima wa kahawa anayesema atatoa yake akishauza, nyingine kutoka kwa dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma, ambaye hatasafiri lakini anataka jina lake liwemo. Mweka hazina mzuri hafanyi hesabu kwa ahadi. Hukodi gari kwa fedha aliyoishika, na akiona haitoshi Coaster hutafuta Hiace na kuwaambia watu mapema. Safari nyingi zilizoharibika ziliharibikia hapa, kwa kiongozi mwenye moyo mkubwa aliyeamini safu ya ahadi.

Gari la kukodi linataka kibali cha safari maalumu, na dereva anayeijua njia. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Kuanzia Mlowo hadi Uyole makazi ni mengi na askari wa usalama barabarani ni wengi vilevile. Mteremko wa Mbalizi umeua watu, na mlima Kitonga unatisha hata kwa aliyeupita maisha yake yote. Kiongozi wa safari anayestahili jina hilo hukaa mbele na dereva, hamruhusu mtu kumwambia akaze mwendo, na huondoka mapema kiasi kwamba haraka haina sababu. Zamani mabasi yalipokuwa hayasafiri usiku, mechi ya Morogoro ilimaanisha kuondoka siku moja kabla na kulala. Serikali iliporuhusu safari za usiku mwaka 2023, hesabu ilibadilika: malazi yakapungua, uchovu ukaongezeka. Wazee wa msafara bado hupendelea kulala, na wana haki. Mtu aliyekesha kwenye kiti huimba dakika 20 tu.

Chakula cha njiani hubebwa: mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, viazi. Hoteli za njiani zina bei ya wasafiri. Nguo nazo zina hesabu yake. Vwawa ni baridi, Njombe ni baridi zaidi na mvua yake huingia hadi mifupani, Mlandizi ni joto na unyevu. Anayetoka Mbozi alfajiri na koti zito hulibeba mkononi alasiri nzima, na mikono yenye koti haipigi makofi.

Zana kuu ni ngoma. Ngozi ikipata unyevu hulegea na mlio wake hufa, na hili ndilo linalowapata wageni wa nyanda za juu wanaposhuka Pwani, au wanapofika Njombe siku ya manyunyu. Mpigaji anayejua kazi yake hushuka kwenye gari nusu saa kabla ya wengine, hutafuta mahali penye upepo mdogo nyuma ya uwanja, huwasha makaratasi na nyasi kavu, na kuigeuza ngoma juu ya moto kwa kuizungusha, akiigonga kwa ncha za vidole kusikiliza. Moto ukikaa mahali pamoja ngozi huungua. Ukitosha, mlio hukaza na kuwa mkavu, na kila aliye karibu hujua wageni wamefika. Viwanja vya madaraja haya mara nyingi vina jukwaa moja dogo, na pande nyingine watu husimama kwenye kamba au ukutani. Ngoma iliyokazwa vizuri hufika goli hadi goli.

Kabla ya ngoma kulia lakini kuna salamu. Shabiki mgeni huingia kwa adabu, kwa sababu yuko kwenye uwanja wa watu. Huwasalimu wazee wa pale, hununua maji na mahindi ya kuchoma kwa mama wa mlangoni, huuliza wageni wakae wapi. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mmetoka wapi?” “Mbozi.” “Mbozi! Poleni na safari.” Salamu hiyo ni ulinzi kuliko askari wanne, na hufungua mlango wa utani. Nyanda za Juu Kusini zinajua kutaniana. Wahehe na Wangoni waliopigana vita karne ya 19 leo ni watani. Mgeni mwenye ulimi mwepesi anaweza kuwachokoza wenyeji dakika zote 90 na mwisho wakampa lifti hadi stendi. Asiyejua mpaka wa utani na tusi huwatia hatarini watu 25.

Kuimba kuna mwanzilishi na waitikiaji. Mwanzilishi hutazama mechi kwa macho ya kocha: wimbo mrefu wa taratibu timu inapomiliki mpira, mlio mfupi wa haraka inapopata kona, vigelegele vya akina mama mchezaji anapoinuka baada ya kuumia. Watu wachache hawawezi kuwazidi wenyeji 1,000 kwa sauti. Husikika wakati wenyeji wamenyamaza, na fundi huzijua nyakati hizo: mara baada ya mpira kuanza, mara baada ya nafasi iliyokoswa na wenyeji, na dakika zile za kipindi cha pili ambapo uwanja mzima umechoka. Mtihani mkubwa ni timu inapofungwa. Mchezaji wa daraja la kwanza, ambaye posho yake huenda imechelewa, akigeuka baada ya bao la pili na kusikia ngoma bado inalia, hupata sababu ya kukimbia. Hakuna mchango wa shabiki ulio mkubwa kuliko huo, na ndiyo maana wanaozira na kurudi garini dakika ya 70 hawaalikwi tena.

Yapo mambo ambayo shabiki mzuri huyakwepa. Habari za “kamati za ufundi”, yaani za ushirikina, za timu kukataa mlango rasmi na kuruka ukuta, zimezigharimu klabu nyingi faini, na mashabiki wanaozichochea huiumiza timu wanayodai kuisaidia. Mwamuzi naye hulaumiwa kwa kila kitu. Kumpinga ni haki ya mpira. Kumrushia chupa ni kuipeleka klabu mbele ya kamati.

Filimbi ikilia, kazi moja imebaki. Mechi nyingi za madaraja ya chini hazirushwi popote, na gazeti hutoa matokeo kwa mstari mmoja. Waliobaki Mlowo, Vwawa na Tunduma wanamtegemea aliyekwenda. Yeye ndiye kumbukumbu ya klabu, na kumbukumbu hiyo ina thamani ikiwa ni ya kweli. Msimuliaji hodari hatosheki kusema “tumeonewa.” Anaeleza penalti ilitokana na nini, beki gani alichelewa kurudi, nani aliingia akabadilisha mchezo, uwanja ulikuwa na utelezi upande upi. Vijiwe vya kahawa humjua mkweli baada ya safari mbili au tatu, na mweka hazina anapopita na daftari kwa mechi inayofuata, watu hutoa fedha kwa sababu ya masimulizi hayo.

Ufundi huu haufundishwi darasani. Lakini mji wa Tunduma una shule yake ndogo, kwa kuwa ng'ambo ya mpaka kuna Nakonde ya Zambia, mji ulioungana nao kiasi kwamba ugenini ni mwendo wa miguu. Vijana wanaovuka kwa utaratibu wa mpaka kwenda kwenye mechi za kirafiki hujifunza huko kubeba ngoma, kuitikia, kuwasalimu wazee wasiowafahamu, na kupoteza bila ugomvi. Hujifunza pia kuisoma ratiba, maana saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Mechi ya saa 9 alasiri Nakonde ni ya saa 10 kwa saa ya Tunduma, na kijana wa Nakonde anayekuja upande huu kwa mechi ya saa 10 bila kurekebisha saa yake hukuta kipindi cha pili kinaanza.